"Hana kazi, yupo tu nyumbani": kazi ya mama wa nyumbani inahesabiwaje?

*Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nilipoolewa nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya shule mjini, mume akaniomba niache ili nilee watoto. Yeye ni dereva, anasafiri sana. Nyumba tunayoishi fedha ilitoka kwake, lakini mimi ndiye niliyekuwa nashinda kiwanjani: nawapikia mafundi, namwagilia tofali asubuhi na jioni, nahesabu mifuko ya saruji isiibiwe. Shamba letu la zabibu Hombolo nalisimamia mimi. Mama mkwe alipopata kiharusi nilimuuguza mimi mpaka alipofariki. Karani wa sensa alipokuja mwaka 2022, mume alimjibu, "Huyu hana kazi, yupo tu nyumbani." Juzi tulipokosana alirudia maneno hayohayo, akaongeza kwamba kila kitu kina jina lake na mimi sina risiti hata moja. Mdogo wangu ananiambia nikae chini nipige hesabu ya kazi zote nimdai mshahara. Sitaki kuachana naye. Nauliza: kiuchumi kazi yangu ina thamani, au najifariji tu? Na kama ina thamani, inahesabiwaje?*

Dada yangu, barua yako ina maswali matatu. Unauliza kama kazi yako ina thamani, na unauliza inahesabiwaje. La tatu hukuliandika wazi, ila limejaa kwenye ile sentensi ya risiti: je, kazi hiyo inakupa pa kusimama siku mambo yakiharibika? Nitayajibu yote. Nitakawia zaidi kwenye la kuhesabu, maana hapo ndipo watu wengi, pamoja na mdogo wako, wanapopotea.

Nianze na karani wa sensa. Mumeo alitoa jibu ambalo wanaume wengi, na wanawake wengi pia, wangelitoa bila kupepesa macho. Lakini jibu hilo halikubaliani hata na vitabu vya watakwimu wenyewe. Mwaka 2013 watakwimu wa kazi wa nchi mbalimbali walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), wakaafikiana kwamba kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa matumizi ya wengine au ya mwenyewe. Ajira ikabaki kuwa fungu moja tu la kazi, lile linalofanywa kwa malipo au faida. Kwa kipimo hicho, ulipoacha duka ulipoteza ajira. Kazi hukuipoteza, iliongezeka.

Najua swali linalofuata, maana huwa nalisikia kila ninapofundisha jambo hili: kama ni kazi, mbona haimo kwenye pato la taifa?

Pato la taifa linakokotolewa kwa mwongozo wa Umoja wa Mataifa, uliotolewa mwaka 1953 na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa, yakiwemo ya 1993 na 2008. Mwongozo huo umechora mstari, na mstari wenyewe umepita mahali pa ajabu kidogo. Bidhaa zote zinazozalishwa na kaya zinatakiwa kuhesabiwa, hata zikiliwa hapohapo nyumbani. Zabibu mlizouza zimo. Mchicha wa nyuma ya nyumba umo. Ndoo ya maji uliyobeba kichwani na kuni ulizookota, kwa kanuni, vimo. Nyumba mnayoishi nayo imo kila mwaka, kana kwamba mnajipangisha wenyewe. Hata kujijengea nyumba ni uzalishaji unaohesabiwa, kwa hiyo ule ukuta uliokuwa unaumwagilia usipasuke ni kazi halali kwa kanuni kali kuliko zote. Kinachoachwa nje ni huduma ambazo watu wa nyumba moja wanapeana bila malipo: kupika, kufua, kulea, kuuguza. Maji ukiyateka umezalisha. Ukiyabandika jikoni ukasonga ugali, umetoka nje ya mstari.

Huduma hizohizo akizifanya mtu wa kulipwa zinarudi ndani. Arthur Pigou, mwanauchumi wa Cambridge, aliliona hilo mwanzoni mwa karne iliyopita: mwanamume akimwoa mtumishi wake wa ndani, pato la taifa linashuka. Mama ni yuleyule, chakula ni kilekile, vyombo vinaoshwa kama jana. Kilichokoma ni mshahara.

Wanaoutetea mstari huo wana sababu, na si za kijinga. Wanasema huduma za ndani hazina bei ya sokoni, kwa hiyo tarakimu yoyote itakuwa ya kubuni. Wanasema pia kwamba ukiziingiza zote, karibu kila mtu mzima atahesabika kuwa yuko kazini, na takwimu ya ukosefu wa ajira haitakuwa na maana tena. Hoja ya pili ina uzito. Ya kwanza inanikwaza, kwa sababu kodi ya nyumba ambayo hamjilipi nayo ni ya kubuni, na wameibuni bila shida yoyote.

Jibu kwa hoja hizo limetoka hasa kwa wanauchumi wanawake. Margaret Reid, mzaliwa wa Canada aliyefanya kazi Marekani, alitoa kipimo rahisi mwaka 1934: jiulize kama mtu mwingine angeweza kulipwa akufanyie shughuli hiyo. Kula chakula, hawezi kukulia. Hiyo si kazi. Kukipika, anaweza, hiyo ni kazi. Mwaka 1988 Marilyn Waring, aliyewahi kuwa mbunge wa New Zealand, aliuonyesha ulimwengu jinsi mwongozo wa Umoja wa Mataifa ulivyowafuta wanawake kwenye hesabu. Na mwaka 1995, kwenye mkutano wa Beijing ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu Gertrude Mongella, serikali zilikubali kwamba kazi zisizolipwa zipimwe na ziwekwe kwenye akaunti za pembeni zinazokaa sambamba na pato la taifa. Ndiyo maana utafiti wa nguvukazi wa Tanzania wa mwaka 2006 uliuliza pia watu wanatumiaje saa za siku, na ule wa 2014 ukarudia. Wanaofanya tafiti hizo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na makao makuu yao yako hapahapa mjini kwetu.

Tena jambo hili si la kuletewa na wageni. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hadi Jumapili na sikukuu, na kwamba wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote Tanzania. Wanaume wa vijijini liliwaambia kwamba nusu ya maisha yao wako likizo. (Na baadhi ya wanawake wa mjini waliunganishwa humohumo, kwa hiyo tusilisome kwa kujitenga.) Mumeo akisema huu ni ufeministi wa kizungu, mkumbushe hilo.

Tuje kwenye kuhesabu. Kuna hesabu ya saa na hesabu ya shilingi, na nakuomba usizichanganye.

Hesabu ya saa ndiyo yenye nguvu. ILO ilikadiria mwaka 2018 kwamba duniani kazi za matunzo zisizolipwa zinakula saa bilioni 16.4 kila siku, na wanawake wanabeba zaidi ya robo tatu yake. Lakini hata saa zina mtego. Chukua mchana mmoja wa wakati ule wa mama mkwe. Maharage yako jikoni. Mtoto mdogo yuko mgongoni. Mgonjwa anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia, na katikati ya kumgeuza unamnywesha uji kijiko kwa kijiko, maana akimeza haraka unampalia. Mlangoni anabisha kijana wa Hombolo anayetaka fedha ya dawa ya ukungu ya zabibu. Mtafiti akija akakuuliza, "Saa saba hadi saa nane ulifanya nini?" utajibu, "Nilikuwa napika." Anaandika kupika, basi. Kulea, kuuguza na kusimamia shamba vimeyeyuka, kwa sababu vilifanyika ndani ya saa ileile. Na ule usiku uliolala jicho moja ukisikiliza anavyopumua utaandikwa kuwa usingizi. Kwa sababu hiyo tafiti nzuri huuliza swali la pili, "Na wakati huohuo ulikuwa unafanya nini kingine?" Zisipouliza hivyo, malezi huonekana kama dakika chache tu kwa siku, jambo ambalo mama yeyote atalicheka.

Kwa hiyo ukitaka kuhesabu, chukua daftari uandike wiki nzima, mistari miwili kwa kila saa: unachofanya, na unachofanya pamoja nacho. Halafu andika wiki nyingine ya msimu wa kupogoa au kuvuna zabibu, maana siku hazifanani. Na mumeo akiwa tayari, naye aandike zake. Hili nalisema kwa haki kabisa. Dereva wa safari ndefu anakaa kwenye usukani saa nyingi, analala nyumba za wageni, anabeba hofu ya barabara. Daftari la upande mmoja lingekuwa na kasoro ileile tunayowalaumu nayo watakwimu.

Hesabu ya shilingi ni tope. Wataalamu wanaifanya kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza inauliza ungelipwa kiasi gani kama muda huo ungeutumia kwenye ajira. Kwako ni mshahara wa lile duka, na pengine biashara ambayo ungekuwa umeifungua kufikia sasa. Njia hii ina kichekesho chake: ugali uliosongwa na daktari unakuwa ghali mara kadhaa kuliko uliosongwa na wewe, wakati mlaji haoni tofauti. Ya pili inauliza ungemlipa nani akufanyie, na hapa ndipo mdogo wako anapokuelekeza. Angalia inakokupeleka. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Ukishika ile ya kwanza, siku yako nzima, kuanzia chai ya alfajiri hadi kugeuza mgonjwa usiku, ni shilingi elfu mbili. Je, hiyo ndiyo thamani yake? Soko linalipa matunzo kidogo kwa sababu tangu zamani wake, mabinti na wajukuu wa kike wameyatoa bure. Ukichukua bei hiyo kama ushahidi wa thamani yako, unakuwa umemkabidhi mumeo fimbo ya kukuchapia.

Unaweza kupandisha kwa kugawanya kazi kwa fani: saa za kuuguza kwa bei ya muuguzi, za kiwanjani kwa bei ya msimamizi wa ujenzi, za shambani kwa bei ya bwana shamba. Tarakimu itapanda mara nyingi. Lakini unaona inavyoyumba kwa kutegemea mkono wa anayehesabu. Kwa nchi, makadirio hayo yana kazi nzuri: waziri anayejua kwamba kisima kimoja kinaokoa saa elfu kadhaa za wanawake atapanga bajeti tofauti na asiyejua. Kwa ndoa, sioni kama yana kazi kubwa.

Ndiyo sababu sikushauri upeleke ankara. Watu wengi wanadhani wanawake waliodai mshahara wa kazi za nyumbani walitaka waume walipe. Vuguvugu hilo lilianza Italia mwaka 1972, likiongozwa na kina Mariarosa Dalla Costa, Selma James na Silvia Federici, na dai lao lilielekezwa kwa serikali. Hoja ilikuwa kwamba mwajiri wa mume anapata wafanyakazi wawili kwa mshahara wa mmoja: yule anayefika kazini, na yule aliyemlisha, kumfulia na kumlelea watoto hadi akaweza kufika. Kumdai mume ni jambo jingine kabisa. Fedha yenyewe itatoka kwenye mfuko uleule unaonunua unga. Mbaya zaidi, inamfanya mumeo kuwa mwajiri wako, na mwajiri ana haki ya kukupangia kazi na kukuachisha.

Hoja iliyo bora zaidi iko ndani ya barua yako mwenyewe, na sina hakika kama umeiona. Umesema mumeo anasafiri sana. Dereva anaambiwa saa kumi na mbili jioni kwamba alfajiri anaelekea Kigoma. Anafunga begi, anaondoka, anakaa siku kumi. Posho ya safari hiyo ndiyo iliyonunua saruji, sivyo? Sasa jiulize ni dereva gani mwenye watoto wanne na mama aliyelala kitandani anayeweza kuitikia safari kila anapoitwa. Ni yule tu ambaye nyumbani kuna mtu. Asingekuwepo mtu, angeomba udhuru mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu safari zingepewa mwingine. Posho ile imeandikwa jina moja kwenye karatasi ya malipo, lakini imezalishwa na watu wawili. Ukizungumza naye, anzia hapo. Ni maisha yake mwenyewe, hatahitaji mwanauchumi wa kumtafsiria.

Nieleze pia kwa nini neno "hana kazi" linauma kuliko tusi la kawaida. Vitabu vya uchumi vya zamani viliichukua familia kama kitu kimoja chenye nia moja, mkuu wa kaya akiamua kwa ajili ya wote. Amartya Sen, mwanauchumi kutoka India, mwaka 1990 aliandika kwamba ndani ya nyumba kuna ushirikiano na mvutano kwa wakati mmoja. Nani anapata nini kunategemea mambo kadhaa, na mawili ni makubwa: kila mmoja angebaki na nini kama ushirikiano ungevunjika, na kila mmoja anaonekana kuchangia nini. Ona hilo la kuonekana. Anayedhaniwa hachangii hupata sauti ndogo kwenye maamuzi, hata kama ndiye anayechangia zaidi, na mara nyingi yeye mwenyewe huanza kuamini. Swali lako la kama unajifariji linatokea hapohapo.

Kwa hiyo ningeweka nguvu kwenye mambo matatu yanayobadilisha hayo mawili. La kwanza ni majina kwenye hati, na hapa nigusie sheria, ingawa fani yangu ni uchumi.

Mumeo amekosea kuhusu risiti. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaitaka mahakama inapogawa mali ya wanandoa iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaostahili kuhesabiwa. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inakwenda mbali zaidi: ardhi ikiwa na jina la mwanandoa mmoja, na mwenzake akachangia kwa nguvu zake kuiendeleza, kuitunza au kuongeza uzalishaji wake, mwenzake huyo anahesabiwa kuwa na maslahi katika ardhi hiyo. Tofali zako za asubuhi na jioni zimo humo, na shamba la Hombolo limo. Tena nyumba ya familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani halali bila ridhaa yako, na unaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati ukiona dalili.

Sasa upande wa pili, nisikudanganye. Kuchangia hakumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama hupima kiasi cha mchango, na wake wengi wa nyumbani hupata chini ya nusu. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu la nyumba, kwa sababu mahakama iliona kwamba alikuwa amekwisha kupewa fedha na mumewe kwa mradi wa familia na hakuzitumia kwa mradi huo. Msingi aliouacha umewasaidia wanawake wengine kuliko ulivyomsaidia yeye. Na yote hayo ni ya siku ya talaka, ambayo wewe huitaki.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa hali yako ni kifo. Amri ya Sheria za Kimila ya 1963, inayohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, inasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Isome tena polepole. Sheria inakiri kwamba amewatunza, halafu inamlipa kwa matunzo badala ya mali. Sijaona popote pengine kazi ya mwanamke ikitambuliwa na kunyimwa thamani ndani ya sentensi moja namna hiyo. Dawa ya hilo mkiwa wote wazima ni umiliki wa pamoja wa wanandoa. Nyumba ikisajiliwa hivyo, mmoja akifariki sehemu yake inakwenda kwa aliyebaki, haiingii kwenye kikao cha ukoo. Kama kiwanja chenu cha Nkuhungu bado kina karatasi za ile CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu iliyovunjwa mwaka 2017, siku ya kwenda Jiji kubadilisha ndiyo siku nzuri ya kuingiza majina mawili. Mwambie mumeo hivyohivyo: wewe ni mtu wa barabarani, ukipata ajali nani atawalinda watoto hawa? Madereva wanalielewa swali hilo haraka.

La pili ni fedha ya zabibu. Hukuniambia mavuno yanapouzwa nani anapokea. Kama ni yeye, pendekeza kwamba malipo ya mavuno, au sehemu yake iliyokubaliwa, yaingie kwenye akaunti yako au kikoba chako, nawe utoe hesabu kama msimamizi wa shamba. Hiyo siyo kumwomba mshahara. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo hupokea wachangiaji wa hiari kutoka sekta isiyo rasmi, na mtu asiye na ajira huzeeka kama mwenye ajira.

La tatu ni mzigo wenyewe. Diane Elson, mwanauchumi wa Uingereza, alipendekeza mambo matatu yaende pamoja: kazi hizi zitambuliwe, zipunguzwe, na zigawanywe upya. Kupunguza kunawezekana kwa vitu: bomba uani, jiko la gesi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na kwa macho yangu faida yake ya muda haisemwi vya kutosha. Tunaambiwa habari za misitu tu. Kuajiri dada wa kazi kunapunguza mzigo wako pia, lakini ujue unaupeleka kwa msichana mwingine, kwa ile bei tuliyoiona hapo juu. Ukifanya hivyo, mlipe vizuri na umpe siku ya kupumzika.

Kugawana upya ndiko kugumu zaidi. Sheria za kazi zenyewe zinampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 na baba siku 3, kwa hiyo usishangae mumeo hakujifunza kubadilisha nepi. Kama una watoto wa kiume, anza nao. Kijana wa darasa la sita anaweza kufua sare zake na kuosha masufuria bila kuambiwa kwamba anamsaidia mama. Usimwekee dada yake zamu ambazo kaka hana.

Haya yote yanafaa kwa nyumba yenye ugomvi wa maneno na mume anayesikiliza akitulia. Zungumza naye akiwa amepumzika na safari, si usiku wa kurudi, na daftari lisitangulie mbele ya salamu. Akikataa katakata, mtafute mtu anayemheshimu, pengine ndugu yake aliyeona kwa macho ulivyomuuguza mama yao. Huyo ni shahidi bora kuliko mimi.

Ila kuna hali ambazo usiishie kusoma majibu kama haya. Ukisikia nyumba au shamba vinatafutiwa mnunuzi, au umeletewa karatasi ya mkopo usaini bila kuelezwa, nenda mara moja kwa wakili au kwa msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hao, na ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji itakuelekeza walipo bila malipo. Akinyima watoto matumizi, anzia hapohapo ustawi wa jamii. Akikupiga au kukutishia, nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo, na suala la hati liachwe kwanza. Mambo yakifika kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, usiende mikono mitupu: chukua cheti cha ndoa, nakala au picha ya karatasi za kiwanja, daftari lako, na majina ya mafundi waliokula chakula chako kiwanjani. Fundi aliyekuona ukimwagilia tofali anaweza kutoa ushahidi, kwa hiyo namba yake ya simu itafute sasa, wakati bado mnasalimiana mtaani.